Ufanisi, Ubanifu na Usafi: Istilahi za Jiko la Nyumbani

Miongoni mwa kazi ngumu za mfasiri ni ile ya kufasiri maelezo ya chombo ambacho msomaji wake hajapata kukiona, na ambacho pengine hatakihitaji kamwe. Tuchukue mfano wa ofisa wa halmashauri mjini Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, aliyepewa waraka kutoka ng'ambo unaohusu kupunguza matumizi ya nishati nyumbani. Sehemu kubwa ya waraka huo inaeleza habari za boila, yaani chombo cha kupasha moto maji yanayozungushwa katika mabomba ili vyumba vipate joto wakati wa baridi. Waraka unamshauri mwenye nyumba aiondoe boila yake ya zamani na kuweka ya aina mpya, ambayo hukamata mvuke uliomo katika moshi na kuugeuza matone ya maji. Ofisa anatakiwa aufasiri waraka huo, kisha aeleze unawafaa nini wananchi wa mkoa wake.

Afanyeje? Nyumba za Mpanda hazihitaji kupashwa joto. Akifasiri neno kwa neno, msomaji wake atapata maneno bila maana. Akiuweka kando waraka wote, atakuwa ametupa kanuni iliyomo ndani yake, nayo ni kanuni ileile inayotawala sufuria ya maharage na jiko la mkaa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba njia ya kutoka katika tatizo hili ni kuanza na jambo ambalo msomaji analijua jikoni kwake, na kutoka hapo kuijenga istilahi. Aidha tutaonyesha kwamba dhana tatu, yaani ufanisi, ubanifu na usafi, huchanganywa mara kwa mara katika maandishi ya siku hizi, na kwamba mchanganyiko huo hauharibu lugha peke yake. Unaweza kumpotezea mtu fedha, na hata uhai.

Jina la kuonekana na jina la kutenda

Chombo kigeni kinapofika mahali, watu hukipa jina kwa njia mojawapo kati ya mbili. Ama hukiita kwa kile ambacho jicho huona, ama kwa kazi kinayoifanya. Mfano wa njia ya kwanza uko Mpanda kwenyewe. Tawi la reli kutoka Kaliua hadi Mpanda lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu ya machimbo ya madini ya risasi. Chombo kilichopita juu ya reli za siku zile za mvuke kiliitwa garimoshi, kwa kuwa moshi ndio ulioonekana kwanza, tena kwa mbali. Jina hilo limedumu hata baada ya injini za dizeli kuchukua nafasi ya zile za mvuke.

Ukilichunguza, utaona kwamba garimoshi limepewa jina la kile lilichokuwa likikitupa. Injini ya mvuke ya reli ilipoteza zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nishati ya fueli yake, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ilikwenda angani pamoja na moshi na mvuke. Hatusemi kwamba jina hilo ni baya, maana limekwisha kuzoeleka na lugha haiwezi kulitupa. Tunachosema ni kwamba jina la kuonekana halimwelezi mtumiaji chombo kinafanya nini kwa fueli anayoinunua. Kwa vyombo ambavyo sifa yake kuu ni kuokoa fueli, tunahitaji majina ya njia ya pili.

Hapa yafaa tutofautishe maneno mawili. Fueli ni kitu chenyewe kinachoungua, kama kuni, mkaa, mafuta ya taa au gesi. Nishati ni uwezo wa kufanya kazi au kutoa joto uliomo katika kitu hicho. Gunia la mkaa ni fueli, na joto linalochemsha chai ni nishati iliyotoka humo. Katika mazungumzo si kosa kubwa kusema kwamba mkaa ni nishati, lakini katika waraka wa vipimo kosa hilo huzaa mengine. Mfasiri akumbuke pia kwamba wenzetu wa Kenya hutumia neno kawi pale ambapo Tanzania hutumia nishati, kwa hiyo waraka unaokusudiwa kusomwa pande zote mbili ufafanue jambo hilo mwanzoni.

Sufuria, mfuniko na joto fiche

Mtu yeyote aliyepika anajua kwamba sufuria inayochemka ikifunikwa, matone ya maji hujikusanya upande wa ndani wa mfuniko na kudondoka tena chunguni. Mvuke umepoteza joto na kurudia hali ya maji. Tendo hilo huelezwa kwa kitenzi tonesha, kutoka katika tona, yaani kudondoka tone moja moja. Na jina la tendo ni mtonesho. Tunajua kwamba tonesha lina maana nyingine, ya kugusa kidonda kikauma upya. Hilo si kizuizi, kwani muktadha wa kidonda na muktadha wa mvuke haviwezi kukutana katika sentensi moja. Kinachopasa kuepukwa ni kugandisha na kufupisha, maneno ambayo wafasiri wengine huyatumia kwa dhana hii. Kinachoganda huwa kigumu, kama mafuta ya ng'ombe au maji yanayogeuka barafu. Kinachofupishwa hupunguzwa urefu. Mvuke unaogeuka maji haufanyi lolote kati ya hayo.

Sasa tuingie katika jambo lisiloonekana. Kupasha moto kilo 1 ya maji kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi nyuzi 100 kunahitaji kiasi cha kilojuli 335. Lakini kuyageuza maji hayohayo yote kuwa mvuke, bila halijoto yake kupanda hata kwa uzi mmoja, kunahitaji kilojuli 2,260 hivi, yaani karibu mara saba. Joto hilo halionyeshwi na kipimajoto. Limejificha ndani ya mvuke, na kwa sababu hiyo huitwa joto fiche. Mvuke unapotoneshwa, joto lote lililojificha hutoka tena. Ndiyo maana mkono uliopitiwa na mvuke wa sufuria huungua vibaya kuliko ule uliomwagikiwa na kiasi kilekile cha maji yanayochemka.

Kanuni hiyo inafafanua mambo mawili ambayo wazee wetu waliyajua bila kipimajoto. La kwanza ni kwamba chungu kilichofunikwa huivisha kwa kuni chache. La pili ni kwamba kuni mbichi ni hasara, kwa sababu sehemu ya moto wake hutumika kuyageuza mvuke maji yaliyomo ndani ya kuni zenyewe, na mvuke huo hutoweka na joto lake fiche bila kuigusa sufuria. Mwalimu wa sayansi anayefundisha dhana hii Mpanda, penye misitu ya miombo, hana haja ya kuanza na chombo cha maabara. Aanze na kipande kibichi cha mti kinachotoa povu na kulia motoni. Na tuongeze hapa kwamba neno miombo, lililo jina la miti ya ukanda huu katika lugha zetu za Kibantu, limechukuliwa na wataalamu wa mimea duniani kote kuwa jina la misitu ya namna hii. Istilahi haziendi upande mmoja tu.

Boila ya kutonesha mvuke

Msomaji aliyekwisha kuuelewa mfuniko wa sufuria sasa anaweza kuielewa boila ya waraka wetu. Nyumba nyingi za Ulaya hupashwa joto kwa gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, kama ilivyo gesi ya Songo Songo na ya Mnazi Bay hapa Tanzania. Kila kilo 1 ya methani ikiungua hutoa kilo 2 na robo za maji katika hali ya mvuke. Katika boila ya zamani, mvuke huo ulipanda kwenye dohani ungali moto na kutoka nje pamoja na joto lake fiche. Boila ya aina mpya huupitisha moshi kwenye mabomba ya maji yanayorudi kutoka vyumbani yakiwa yamepoa. Mvuke hutoneshwa, joto fiche huingia katika maji hayo, na matone hutolewa nje kwa bomba dogo, maana yana asidi kidogo. Faida yake ni kubwa kiasi kwamba Uingereza, kuanzia mwaka 2005, iliagiza kwamba boila mpya za gesi za majumbani katika England na Wales ziwe za namna hiyo, isipokuwa pale ambapo haiwezekani.

Je, kiitweje? Neno boila limekwisha kuingia katika lugha, nalo litumike. Kuhusu sifa yake, wengine watapenda neno moja la kuambatanisha. Sisi tunapendekeza boila ya kutonesha mvuke. Ni jina refu kidogo, lakini linaeleza tendo, na msomaji anayejua mfuniko wa sufuria atalielewa bila kamusi.

Kuna mitego miwili ambayo mfasiri wa habari hizi hana budi kuijua. Mtego wa kwanza ni wa hesabu. Atakutana na matangazo yanayodai kwamba boila fulani ina ufanisi wa asilimia 107. Akishtuka, atadhani ni kosa la chapa na kuandika 97. Asifanye hivyo. Fueli hupimwa joto lake kwa njia mbili. Katika njia moja, joto fiche la mvuke wa moshi huhesabiwa. Hiyo tunaiita thamani-joto kamili. Katika nyingine halihesabiwi, kwa kudhani kwamba litapotea tu. Hiyo tunaiita thamani-joto pungufu. Kwa gesi asilia tofauti kati yake ni asilimia 10 au 11 hivi. Chombo kinachookoa kile ambacho hesabu ilikwisha kukifuta lazima kionekane kimepita 100. Wajibu wa mfasiri ni kuitaja hesabu iliyotumika, kwani hakuna chombo kinachotoa joto lililozidi lile lililomo katika fueli yake.

Mtego wa pili ni wa jina lenyewe. Mvuke wa moshi wa gesi asilia huanza kutoneshwa pale tu halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 55 hivi. Maji yanayorudi kutoka vyumbani yakiwa moto kupita hapo, boila inayoitwa ya kutonesha mvuke haitoneshi chochote. Jina lipo, tendo halipo. Kwa maneno mengine, jina la kutenda ni ahadi yenye sharti, na maelezo yasiyotaja sharti yamemficha msomaji nusu ya habari.

Bora, sanifu, au banifu?

Turudi Mpanda. Hapa mabadiliko ya chombo cha moto yanayomhusu mwananchi ni ya kutoka kwenye mafiga matatu au jiko la bati kwenda kwenye jiko linalotumia fueli kidogo, na kutoka hapo kwenda kwenye gesi ya mitungi au umeme. Katika vipimo vingi, mafiga hufikisha sufuriani kati ya asilimia 10 na 15 ya nishati ya kuni. Jiko la bati la mkaa hufikisha kiasi cha 15 hadi 20. Jiko lenye kauri ndani yake, yaani utandio wa udongo uliochomwa unaozuia joto lisipotee pembeni, laweza kufikisha 25 hadi 35. Jiko la namna hiyo lilienezwa Kenya katika miaka ya 1980, na kwa njia hiyo neno jiko lenyewe likaingia katika Kiingereza cha wataalamu wa nishati. Katika Tanzania lilianza kuenezwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka hiyohiyo kwa jina la jiko bora. Baadaye yamesikika pia jiko sanifu na jiko banifu. Je, majina haya matatu ni kitu kimoja?

Bora ni neno la sifa. Halisemi bora kuliko nini, wala kwa kipimo gani, na muuzaji yeyote ana haki ya kusifu mali yake. Sanifu ni neno la kipimo. Kama Kiswahili sanifu kilivyo na kanuni zilizokubaliwa, jiko sanifu ni lile lililotengenezwa kwa vipimo vilivyowekwa, nalo laweza kukaguliwa. Banifu limetokana na kitenzi bana, kama haribifu lilivyotokana na haribu na danganyifu na danganya. Mwananchi analijua kutoka katika usemi wa kubana matumizi, kwa hiyo linaeleza tendo la chombo: linabana fueli isitumike ovyo. Kwa maoni yetu, banifu ndilo lifaalo kwa dhana hii, na sanifu libakizwe kwa chombo kilichopita ukaguzi. Jiko laweza kuwa banifu bila kuwa sanifu, kama lile la fundi hodari ambalo halijapimwa.

Umuhimu wa tofauti hii utaonekana kwa hesabu. Tuseme familia inatumia jiko lenye ufanisi wa asilimia 15 na kumaliza magunia mawili ya mkaa kwa mwezi. Jiko la asilimia 30 litapika chakula kilekile kwa gunia moja. Akina mama wanaonunua mkaa kwa kisado au ndoo huona tofauti hiyo kila siku mkononi. Lakini mtu aliyenunua jiko bora lisilobana chochote amelipia sifa, na akidanganyika mara moja hatalisadiki tena hata lile linalobana kweli. Neno lililolegea limeharibu kazi ya fundi mwaminifu.

Wala tusisahau sharti. Jiko banifu likitumiwa na mkaa uliolowa, au sufuria isiyofunikwa, au kauri iliyopasuka, litakuwa kama ile boila ambayo maji yake hayapoi. Vilevile ufanisi utajwe ni wa nini. Katika tanuri la kawaida la udongo, kilo 100 za kuni aghalabu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Ikiwa tanuri limebakiza theluthi ya nishati ya mti, na jiko likafikisha sufuriani asilimia 30 ya hiyo, basi chakula kimepata moja ya kumi ya kile kilichokuwamo katika mti. Ufanisi wa jiko ni jambo moja, na ufanisi wa mnyororo wote, kutoka msituni hadi mezani, ni jambo jingine.

Banifu si lazima liwe safi

Limebaki neno la tatu, nalo ndilo lenye hatari. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Tangu wakati huo neno safi limeenea katika hotuba, mabango na barua za ofisi, na mara nyingi limewekwa badala ya banifu, kana kwamba maneno hayo ni mapacha.

Si mapacha. Ubanifu unahusu kiasi cha fueli kinachotumika, ilhali usafi unahusu kile ambacho moto unaachia katika hewa tunayoivuta. Vipimo vya kimataifa vya majiko vilivyotolewa na ISO mwaka 2018 vinapima mbali ufanisi wa joto, mbali vumbi na gesi zinazotoka, mbali usalama, na mbali uimara. Jiko moja laweza kupata daraja la juu katika kipimo kimoja na la chini katika kingine.

Mkaa ndio mfano ulio wazi. Ukishika vizuri hautoi moshi mwingi unaoonekana, na kwa hiyo ni rahisi kuandika katika kipeperushi kwamba jiko fulani la mkaa halina moshi, au ni safi. Lakini mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu usingizini katika chumba kilichofungwa. Msomaji aliyeambiwa jiko ni safi hana sababu ya kuogopa kuliingiza chumbani usiku wa baridi. Hapo kosa la mfasiri halitasahihishwa na toleo la pili. Palipo na jiko la mkaa, hata likiwa banifu namna gani, aandike: linabana mkaa, litumike penye hewa ya kutosha, lisiwekwe katika chumba cha kulala.

Istilahi tunazopendekeza

Kwa muhtasari, tunawawekea wafasiri, walimu na maofisa maneno haya pamoja na maana zake:

1. Fueli: kitu kinachounguzwa ili kutoa joto.
2. Nishati: uwezo wa kufanya kazi au kutoa joto.
3. Ufanisi: sehemu ya nishati ya fueli inayofikia kazi iliyokusudiwa, ikitajwa kwa asilimia pamoja na njia ya hesabu.
4. Ubanifu: sifa ya chombo ya kutumia fueli kidogo kuliko chombo kingine kwa kazi ileile. Chombo chenyewe ni banifu.
5. Usanifu wa chombo: hali ya kulingana na vipimo vilivyowekwa na kukaguliwa.
6. Usafi wa nishati: uchache wa vumbi na gesi zenye madhara zinazotoka katika matumizi.
7. Mtonesho: mvuke kugeuka maji. Kitenzi ni tonesha.
8. Joto fiche: joto linaloingia au kutoka wakati wa kubadilika hali, bila halijoto kubadilika.
9. Boila ya kutonesha mvuke: boila inayokamata joto fiche la mvuke wa moshi wake.
10. Thamani-joto, kamili au pungufu: kiasi cha joto katika fueli, pamoja na joto fiche au bila hilo.

Ofisa wetu wa Mpanda sasa anaweza kuandika. Sehemu ya boila aifasiri kwa ukamilifu, kwa kuwa ndiyo aliyopewa. Katika maelezo kwa wananchi wa mkoa wake aandike kurasa mbili tu: funika sufuria, kausha kuni, pima ubanifu wa jiko kabla ya kulilipia, wala usidhani kwamba kilicho banifu ni safi. Kanuni ni ileile iliyomo katika waraka wa ng'ambo, na maneno ni ya kwetu.

Wasomaji walio karibu na mafundi wa majiko, wachoma mkaa na wauzaji wa mitungi bila shaka wanayajua maneno mengine yanayotumika huko, ambayo huenda yakawa mazuri kuliko haya. Tunawasihi watuletee. Istilahi iliyokwisha kutumika mdomoni mwa watu na ikaeleweka hustahili kufikiriwa kwanza, kabla ya ile iliyotungwa mezani.